Dada kakimbilia kwangu na watoto watatu, tutalala wapi na nyumba yake itakuwaje?

Swali lililonifikia nalifupisha hapa: "Shikamoo mama. Dada yangu anakaa Igoma na mume wake mwaka wa tisa sasa, mahari ilitolewa kwetu Magu ila kanisani hawajaenda wala bomani. Wana watoto watatu, wa miaka 9, 6 na 2. Juzi kapigwa tena mpaka jicho limeziba, kaja kwangu Mabatini usiku na watoto na begi moja. Mimi nimepanga chumba kimoja tu. Shemeji anapiga simu anasema akimaliza siku saba nje nyumba siyo yake tena, na watoto atakuja kuwachukua. Wazee wanasema arudi, ng'ombe zilishaliwa. Dada anaona aibu watu wa kikoba wakijua, na simu yake shemeji ndo alimnunulia, hata laini ina jina la shemeji. Hivi hapa Mwanza kuna nyumba ya serikali ya kukaa watu kama hawa? Na kweli atapoteza nyumba?"

Marahaba mwanangu. Pole sana, na dada yako mwambie pole, na wewe uliyefungua mlango usiku ule hongera maana wengi hujifanya wamelala.

Naanza na hicho kinachomnyima usingizi. Kutoka ndani ya nyumba siyo kuiacha nyumba. Hizo siku saba shemeji kazitunga mwenyewe, hakuna sheria Tanzania inayosema mke akilala nje siku saba au sabini haki yake imeyeyuka. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii huku kanda ya ziwa miaka mingi na hilo neno nimelisikia kwa kila idadi ya siku, tatu, saba, arobaini, na kila mara linafanya kazi ileile ya kumrudisha mwanamke kabla jicho halijapona ili pasiwe na kidonda cha kumwonyesha daktari. Kwa hiyo nyumba tuiache kidogo, nitairudia, sasa hivi la haraka ni jicho na pa kulala.

Jicho. Kama haoni vizuri, anatapika au kichwa kinamuuma sana, mpelekeni hospitali sasa hivi, msianze kuzunguka na makaratasi, Sekou-Toure ndo hospitali ya rufaa ya mkoa na kutoka hapo Mabatini siyo mbali. Kama hali inaruhusu pitieni polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto mchukue PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa bure, mtu akiwadai hela ya fomu au ya karatasi muulizeni risiti muone atakavyobadilika. PF3 ikijazwa na daktari hakikisheni ameandika kila kidonda, siyo "jeraha usoni" basi, na mpige picha ya nakala yake kabla haijarudi polisi maana makaratasi hupotea. Ulizeni pia hapo hospitali kama wana kituo cha mkono kwa mkono, ni sehemu ambayo daktari, polisi wa dawati na afisa ustawi wanakaa pamoja ili mtu asihadithie yaleyale mara nne kwenye mabenchi manne. Na kama alilazimishwa tendo la ndoa, najua hamtalisema mbele ya watoto, amwambie nesi pembeni, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina mwisho wa saa 72 na saa hazimsubiri mtu aone aibu iishe.

Sasa pa kulala, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye shida yenyewe.

Nyumba ya serikali ya namna unayoifikiria, yaani unafika na begi unapewa kitanda, usiisubiri. Nyumba salama zipo ila ni chache, nyingi ni za mashirika na makanisa. Zinazosikika sana upande wetu wa ziwa ziko mkoa wa Mara, zile za Hope for Girls and Women pale Butiama na Mugumu, na kituo cha Masanga kule Tarime, na hizo zilianza hasa kwa ajili ya mabinti wanaokimbia kukeketwa. Hapa Mwanza kuna shirika la Wotesawa ila wao kazi yao ni watoto wanaofanyishwa kazi za ndani. Ndo maana nawaambia watu msizunguke kutafuta geti la nyumba salama, hata anuani zake hazitangazwi na ni vizuri hivyo. Njia ni kupitia dawati la polisi au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nyie ni wa Jiji maana Igoma na Mabatini zote ziko Nyamagana, wa Ilemela angeenda manispaa ya kule. Afisa ndo anajua wiki hii nafasi iko wapi na anaandika barua.

Na muulizeni maswali kabla ya kukubali, mtu akiwa na hofu hasemi kitu anaitikia tu. Mnakaa siku ngapi? Mara nyingi ni wiki kadhaa, siyo mwaka. Wanapokea mama pamoja na watoto wote? Yule wa miaka 9 kama ni wa kiume ulizeni mapema, baadhi ya nyumba hizi hazichukui wavulana wakubwa kidogo. Simu anabaki nayo? Biashara yake ataifanyaje? Shule je? Nimeshaona mama kakataa nyumba salama siyo kwa ujinga, kakataa kwa sababu alikuwa anaanika dagaa Kirumba na akikosekana pale wiki tatu mtaji na wateja wote wamekwenda, nikamwambia sawa mama tutafute njia nyingine.

Njia nyingine kwa watu wengi ndo hiyo mnayoishi sasa, ndugu. Ila chumba chako Mabatini ndo mahali pa kwanza shemeji atakapokuja, Igoma na Mabatini ni daladala moja tu barabara ya Musoma. Kama kuna shangazi, rafiki wa zamani au muumini mwenzake ambaye shemeji hamjui, hata Buhongwa au Kisesa, ahamie huko kwa wiki hizi za mwanzo, na wewe ubaki hapo uonekane kama kawaida. Akija mwambie hayupo na hujui, ni uongo najua. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa wako kimyakimya, na mpangaji mmoja unayemwamini akisikia kelele apige 112 au aite watu.

Na mwenye nyumba wako. Hili huwa halizungumzwi kabisa na ndilo linalofukuza watu. Chumba cha mtu mmoja kikiingia watu watano, ndani ya siku nne ataanza kuhesabu ndoo za maji na LUKU inaisha haraka, choo cha pamoja wapangaji wananung'unika, wiki ya pili unaambiwa wageni waondoke. Mfuate kabla hajakufuata, mwambie ni ndugu ana matatizo ya kifamilia, ni wa muda, umeme mtachangia kiasi hiki. Usimweleze mengi, baadhi yao ni marafiki wa akina shemeji hata kama huwajui.

Baadaye kidogo itabidi apange chake. Unajua vyumba vyetu, kodi ya miezi mitatu au sita mbele na dalali anataka ya mwezi mmoja yake. Muombe mwenye nyumba moja kwa moja bila dalali alipe mwezi mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, wapo wanaokubali hasa wamama wenye vyumba viwili vitatu vya nyuma ya nyumba. Kama yuko kwenye kikoba aombe akiba yake au mkopo wa dharura, lakini aangalie ni nani anakaa kwenye hicho kikoba, na siku ya kikao shemeji anaijua, kwa hiyo aongee na mwekahazina kwa simu. Kuna ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, hiyo ni nzuri ila ni ya kikundi na inachukua muda, siyo ya kulipia kodi wiki ijayo. Na tafadhali sana asiguse kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Nimeona mama katoka kwenye kipigo kaingia kwenye kausha damu, mwezi wa pili wamembebea godoro na sufuria, akarudi kwa mume kwa sababu ya deni.

Hapo naomba niseme kitu kuhusu aibu, maana umeandika dada anaona aibu watu wa kikoba wakijua. Kulikuwa na utafiti hapahapa jijini, MAISHA unaitwa, waliwauliza wanawake elfu moja na kitu waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo, yaani wanawake wenye biashara zao, asilimia 61 walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenza, na asilimia 27 ndani ya mwaka mmoja tu uliopita. Kikoba cha watu ishirini hebu piga hesabu mwenyewe. Hao anaowaonea aibu wengine wamejipaka poda juu ya alama.

Haya tuje kwenye nyumba ya Igoma.

Kwanza ni mke au siyo mke? Shemeji akibanwa atasema "huyu nilikuwa naishi naye tu". Mwambie dada atulie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila, na ndoa kutoandikishwa hakuifanyi isiwe ndoa. Sasa ona, wale ng'ombe ambao wazee wanawataja ili arudi, ndo ushahidi wake mkubwa kwamba ameolewa! Nani aliwapokea, wangapi, mshenga nani, siku ile walikuwepo akina nani, andikeni majina hayo wakati wazee bado wanakumbuka na kabla hawajapigiwa simu na upande wa pili. Na hata mahari isingekuwepo, kifungu cha 160 kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama itachukulia ni wanandoa mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Yeye ana miaka tisa na watoto watatu.

Pili, nyumba. Kifungu cha 59 kinazuia mwanandoa mmoja kuuza, kuweka rehani wala kuigawa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake hata kama hati ina jina la mmoja. Hii ndo hatari ya kweli, siyo siku saba, hatari ni kwamba wakati dada amekaa kwako analia shemeji anatafuta mteja. Viwanja vyetu vingi vya Igoma vimenunuliwa kwa karatasi ya mauziano mbele ya serikali ya mtaa, basi aandike barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wa Igoma kwamba nyumba fulani ni ya familia, kuna mgogoro wa ndoa, asishuhudie mauzo, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa arudi nayo. Kama kiwanja kimeshapimwa na kina hati, aweke zuio kwa msajili wa hati. Nilikuwa na kesi moja, nisitaje mtaa, mume aliuza wakati mke yuko hospitali kalazwa kwa kipigo chake yeye huyohuyo, na aliyesimamia mauzo alikuwa anajua. Kesi ikaenda miaka, wakati barua moja yenye muhuri ingemnyima mnunuzi ile hadithi ya "mimi sikujua".

Tatu, mchango. "Nyumba nimejenga mimi, yeye alikuwa anapika." Hiyo ilikufa mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani na kulea ni mchango kwenye mali ya ndoa. Cha kushangaza Bi Hawa mwenyewe siku ile hakutoka na kitu, walisema mume alishampa hela na yeye Bi Hawa akazitapanya, ila mlango aliufungua na wamama wengi wamepitia hapo. Mgao siyo lazima nusu kwa nusu, mahakama inaangalia nani alichangia nini, kwa hiyo dada akae aandike kila anachokumbuka, tofali zilinunuliwa kwa hela ya kikoba kipi, nani alikuwa anasomba maji ya ujenzi, alimpikia fundi miezi mingapi, bati zilitoka wapi. Risiti zikiwepo vizuri, zisipokuwepo fundi yupo na majirani wapo.

Kwenye kuomba talaka au mgao kesi inaweza kuanzia mahakama ya mwanzo, siyo lazima mtu mwenye mawakili, lakini kabla yake sheria inataka mpitie baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la kanisani au la BAKWATA kwa Waislamu, nalo likishindwa linatoa hati ya kushindwa kusuluhisha. Hapa sikubaliani kabisa na mabaraza yanayowaweka wawili kwenye benchi moja na kumwambia mama "eleza kosa lako". Ataeleza nini akiwa ameketi nusu mita kutoka kwa mkono uliompiga? Aombe kusikilizwa peke yake, aende na mtu, na aseme wazi kwamba kuna shauri polisi. Kupigwa siyo ugomvi wa ndoa, kifungu cha 66 kimesema hata kama mila inasemaje hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hilo ni kosa la jinai na halisuluhishwi kwa soda mbili na kupeana mikono. Barua ya baraza isitumike kufuta kesi ya polisi, ni vitu viwili.

Polisi nako jiandaeni, shemeji akikamatwa atapata dhamana na anaweza kutoka siku hiyohiyo, wengi hushtuka kumwona mlangoni jioni. Mwombeni mpelelezi awapigie kabla hajaachiwa, na kesi ikifika mahakamani dada amwambie mwendesha mashtaka aombe masharti ya kutomsogelea. Wakati shauri la ndoa linaendelea mahakama inaweza pia kumwamuru asimsumbue, ila lazima uombe, haiji yenyewe. Kwa hatua zote hizi asiende peke yake. Shirika la Kivulini wapo hapa Mwanza tangu 1999 na kazi yao ni hii, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria mpaka kwenye kata, hawatozi, kazi yao kubwa kwa kweli ni kukaa naye kwenye foleni na kukumbusha faili liko wapi.

Watoto. Hakuna mwenye haki ya kuwanyakua kabla mahakama haijasema, na sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake isipokuwa kuwe na sababu nzito, kwa hiyo hao wawili wadogo hofu ipungue, na yule wa 9 mahakama inaangalia maslahi yake na kuwatenganisha ndugu haipendi. Matunzo hayasubiri talaka, afisa ustawi anaweza kumwita shemeji wiki hii wakaandikishana kiasi, akikaidi ni mahakama ya watoto. Hela ipite kwenye simu, ibaki kumbukumbu, siyo mkononi.

Shuleni mfuateni mwalimu mkuu, aambiwe nani tu anaruhusiwa kuwachukua watoto. Akihamishwa ahame kwa utaratibu na namba yake ya PREM, ile namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa taifa, lakini huyo wa 9 kama yuko darasa la nne na ameshasajiliwa kwa upimaji wa taifa pale, ulizeni kwanza kabla ya kumng'oa. Na kama anakojoa kitandani siku hizi au hasemi msimchape, piga 116, ni bure, ni ya watoto, hata mtu mzima anaweza kupiga kwa niaba ya mtoto. Ikifika mahali dada amelazwa na wewe unakwenda kazini, ustawi wana familia za kuaminika ambazo zinapokea watoto kwa muda, si vibaya kuuliza.

Kuhusu wazee wa Magu, mtumeni mjomba au mchungaji, mtu wanayemheshimu, akaongee nao ana kwa ana na picha ya jicho mkononi. Nimeona wazee wakibadilika kabisa wakiiona picha, kwenye simu walikuwa wanaambiwa "kofi moja tu".

Vitu alivyoacha Igoma visimrudishe peke yake. Polisi wa dawati wanaweza kumsindikiza, dakika ishirini tu, achukue kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki, kadi ya bima kama ipo, sare za shule na ile karatasi ya mauziano ya kiwanja, akishindwa kuichukua aipige picha kila ukurasa aitume kwako halafu aifute kwake. Friji na kochi aviache.

Na simu yake, umesema shemeji ndo alimnunulia na laini ilisajiliwa kwa jina la shemeji. Basi hiyo izimwe leo. Anaweza kuwa anaona yuko wapi, na hela iliyoko kwenye laini hiyo ni kama iko mfukoni kwake, aitoe kesho asubuhi akiwa mjini kati, siyo kwa wakala wa hapo Mabatini, kisha asajili mpya kwa kitambulisho chake. Ile ya zamani asiitupe maana meseji za vitisho zimo humo, muipige picha skrini yote, mkampe mtu wa mbali aitunze, na isije ikawashwa hapo chumbani kwako.